Niachie ujumbe: Kasoro ya lugha katika simu za ofisi zinazojijibu

MWANZONI mwa muhula uliopita, ofisi zetu chuoni ziliwekewa simu mpya za mezani. Ni simu nzuri, nyeusi, zenye kioo kidogo na vitufe vingi kuliko ninavyohitaji. Baada ya siku mbili tukaletewa waraka. Kila mhadhiri alitakiwa, kabla ya Ijumaa, awe amerekodi salamu zake mwenyewe, yaani yale maneno ambayo mpigaji huyasikia simu isipopokelewa, kabla hajapewa nafasi ya kusema shida yake. Kazi yenyewe si ngumu. Unabonyeza kitufe chenye picha ya bahasha, unaingiza nambari ya siri, unafuata maelekezo hadi unapofika kwenye salamu, unarekodi, unajisikiliza, ukiridhika unahifadhi. Dakika tatu hivi.

Waraka ule ulikuja na maneno ya kusoma, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili sote tuwe na sauti moja. Ya Kiswahili yalikuwa haya:

“Hujambo. Umefikia dawati la Profesa fulani. Kwa sasa siko kwenye dawati langu ama niko kwenye laini nyingine. Tafadhali acha jina lako, nambari na ujumbe mfupi baada ya mlio na nitarudi kwako haraka iwezekanavyo. Asante kwa kupiga. Kuwa na siku njema.”

Nami, mtu niliyefundisha isimu na tafsiri kwa zaidi ya miaka thelathini, niliyasoma vivyo hivyo, neno kwa neno, nikahifadhi, nikaenda zangu darasani. Nakiri hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba nawanyooshea wengine kidole.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi nje ya mlango wangu. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Kilifi. Mwanawe alikuwa mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne na alama zake za somo moja, somo langu, hazikuwa zimeonekana kwenye mfumo. Orodha ya watakaohitimu ilikuwa inafungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni. Kijana mwenyewe aliogopa kunipigia, kwa hivyo mama akachukua nambari ya ofisi kutoka kwenye barua ya chuo akapiga yeye.

“Mwalimu, nilikupigia mara tatu,” akaniambia. “Nikakuta sauti yako. Ukaniambia niache. Nikaacha.”

“Nilisema uache ujumbe, mama.”

“Ndiyo hivyo. Nikaacha.”

Karatasi ya kijana ilikuwa kabatini mwangu, imesahihishwa, imekwama katikati ya karatasi za darasa jingine. Alama ziliingizwa saa nane mchana. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imeshatumika, na usiku ule wa basini hakuna wa kuufidia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya simu za ofisi kwa sikio jingine, za chuo chetu na za kwingineko, na nataka leo tuyapime kama tunavyopima maandishi mengine yoyote. Maana haya nayo ni matini. Yana mtunzi, yana hadhira, na yana kazi ya kufanya. Swali la mhakiki ni moja: je, yanaifanya?

Tuanze na kitenzi kilichomponza yule mama. Ukifungua kamusi yoyote ya Kiswahili utakuta kwamba “acha” kina maana kadhaa, na ile inayotujia kwanza, hasa kikiwa katika hali ya kuamuru, ni ya kukoma: acha kelele, acha mchezo, acha pombe, acha! Ni kweli pia kwamba mtu huacha kitu mahali. Huacha mzigo stesheni, huacha watoto nyumbani. Lakini hapo msikilizaji husaidiwa na mahali penyewe. Simu haina stesheni. Mtu anayesikia “tafadhali acha ujumbe” kutoka kwa sauti ya profesa asiyemjua ana kila haki ya kuelewa kwamba profesa hataki ujumbe. Na “acha jina lako” ndiyo kabisa. Jina huachwaje? Wanaoacha majina yao ni watu wanaobadili dini au wanaotoroka deni. Jina hutajwa.

Dawa ya kasoro hii haihitaji istilahi mpya wala kamati. Iko ndani ya sarufi yetu, katika silabi moja. Ni kauli ya kutendea. Chukua “acha”, ongeza kiambishi hicho kidogo cha -i-, upate “achia”, kisha umtaje anayetendewa: “niachie ujumbe.” Mara moja ile maana ya kukoma inatoweka. Hakuna Mswahili atakayesikia “niachie ujumbe” akadhani anaambiwa anyamaze. Sasa pana mtu anayeacha, pana kinachoachwa, na pana anayeachiwa.

Kauli hii ya kutendea ndiyo roho ya mazungumzo ya simu kwa Kiswahili, na ndiyo inayoangushwa kila mara sentensi zinapovushwa kutoka Kiingereza zikiwa nzimanzima. Kitenzi “piga” kwetu ni punda wa mizigo. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga hodi. Tukikiacha peke yake, bila nomino ya kukituliza, kinarudi kwenye ngumi. “Asante kwa kupiga” ni shukrani ya ajabu. Nimewahi kusikia, kwenye simu ya ofisi moja ya umma hapa jijini, sauti ya kijana mwenye adabu zote ikisema: “Acha nambari yako na nitakupiga.” Nilikata simu nikiwa nacheka, lakini sikuacha nambari. Tofauti ya “nitakupiga” na “nitakupigia” ni silabi ile ile.

Nisieleweke kwamba ukipachika -i- kila mahali umesalimika. “Umefikia dawati la Profesa” kina kauli hiyo hiyo ya kutendea na bado kimepinda. Kwa Kiswahili, mtu akifikia mahali, amepafanya kituo chake: wageni wamefikia kwa shangazi, wajumbe wamefikia hotelini. Mpigaji anayeambiwa “umefikia dawati” amepewa malazi juu ya meza. Na hilo dawati lenyewe, kwa Wakenya wengi, ni lile la darasani, la mbao, lenye majina yaliyochongwa kwa wembe. Husemi “siko kwenye dawati langu” isipokuwa uwe darasa la sita. Sema “sipo ofisini”. Yatosha.

“Nitarudi kwako” nayo ni ahadi ya mpenzi aliyekwenda ughaibuni. Mwenye ofisi anayekusudia kupiga simu aseme atapiga simu.

Halafu kuna “baada ya mlio”. Mlio upi? Simu inapoita, ule nao ni mlio. Risasi ina mlio. Mpigaji ametoka kusikia milio minne au mitano ya simu kabla ya sauti kujibu. Akiambiwa aseme baada ya mlio, anaweza kuona kwamba milio imeshapita na kuanza kusema hapo hapo, juu ya sauti ya mwenye simu. Mashine bado haijaanza kurekodi. Anayeisikiliza baadaye hupata nusu ya pili ya habari: “…ndiyo hivyo basi, nitashukuru sana.” Nimepata jumbe kama hizo tatu. Sijui ni za nani hadi leo.

Kiswahili kina hazina ya tanakali za sauti ambayo lugha nyingi zingeionea wivu. Kitu huanguka pu, maji humwagika mwaa, mlango hugonga ngo ngo ngo. Sioni kwa nini lugha yenye utajiri huo itumie nomino pana kama “mlio” pale inapoweza kusema “ukisikia pii”. Mtoto ataelewa. Bibi ataelewa.

Sasa nije kwenye “Hujambo”, neno ambalo hakuna anayelishuku. Mwaka 1968, mwanasosholojia wa Marekani Emanuel Schegloff alichapisha utafiti kuhusu namna mazungumzo ya simu yanavyofunguliwa. Alichunguza miito ipatayo 500 iliyopigwa kwenda na kutoka katika kituo cha polisi. Hoja yake kuu ni kwamba kengele ya simu si kelele tu. Ni mwito, na anayepokea akisema “halo” hasalimu bado, anaitika. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Marekani kulielewa hilo. Kengele ya simu ni hodi, na anayepokea simu ndiye mwenyeji anayetoka ndani kusema karibu.

Ikiwa ni hivyo, “hujambo” ya mashine imekuja pabaya. Hujambo ni swali, na swali hudai jibu. Kwa adabu zetu, hasa kwa watu wa makamo, haiwezekani mtu akujulie hali ukanyamaza. Matokeo ni kwamba mpigaji anajibu “sijambo, sijui wewe”, na mashine, isiyo na malezi, inaendelea kumkata kauli. Anapozinduka kwamba anazungumza na rekodi, maelekezo yamempita. Mwenzangu mmoja mzaliwa wa pwani alipinga nilipomwambia hivi. Alisema sauti isiyosalimu ni sauti ya askari. Tulibishana chai nzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba jibu la hodi halijawahi kuwa hujambo. Ni “karibu”, na karibu halidai kuitikwa papo hapo. Basi salamu ya simu ianze na karibu.

Nikikumbuka hodi, namkumbuka tena yule mama. Katika adabu za pwani, zilizolelewa na mafundisho ya Kiislamu, hodi hupigwa mara tatu, usipoitikwa, unaondoka. Yeye alipiga simu mara tatu.

Kuna watakaosema kwamba naipa mashine uzito isiostahili. Wakenya wangapi wanaacha ujumbe wa sauti? Hapo wana hoja. Kwenye rununu huduma hii haijawahi kushika mizizi. Mtu akiona haupokei, anakata, anakutumia arafa au ujumbe wa WhatsApp, au anaiacha ile simu isiyojibiwa iwe ndiyo ujumbe wenyewe. Isitoshe, mpigaji wa kadi anajua kwamba mashine ikishapokea, salio limeanza kuliwa. Anayelipa kwa sekunde hana subira na “haraka iwezekanavyo”. Lakini simu ya ofisi ni tofauti. Nambari yake ndiyo iliyoandikwa kwenye barua, kwenye bango la lango kuu, kwenye tovuti. Haipokei WhatsApp. Anayeipiga aghalabu si rafiki. Ni mtu mwenye shida, ambaye hana nambari nyingine ya kujaribu.

Na kuhusu uzito wa maneno ya mashine katika lugha, tunao ushahidi wetu wenyewe. Ile sauti ya kike inayotuambia kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani kwa sasa imetupa neno. Leo kijana wa Nairobi akikwambia “nimempigia nikapata mteja” au “huyo ni mteja tangu jana”, hazungumzii biashara. Anasema mtu huyo hapatikani. Neno lililomaanisha anayekuja kununua limegeuka kumaanisha asiyekuwapo. Sijui lugha nyingine ambamo mja dukani na mtoro wanaitwa jina moja.

Mwanafunzi wangu mmoja alinitega kwa mfano huo. Profesa, akasema, sentensi ile nayo ina kasoro, maana mteja ni wa kampuni, si wa nambari, na bado imekubalika. Basi kwa nini “nitarudi kwako” isikubalike? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba sikatai mkopo wala sikatai tafsiri. “Halo” ni ya mkopo na hakuna anayeionea haya. Wenyewe Wazungu hawakukubaliana nayo mara moja: Alexander Graham Bell alitaka watu waitike simu kwa “ahoy”, mwito wa mabaharia, na Thomas Edison ndiye aliyeipigia debe “hello”. Sentensi ya “mteja” ilifaulu kwa sababu, pamoja na upogo wake, msikilizaji hubaki na jambo moja lisilo na shaka: hapatikani. Kitenzi hicho ni Kiswahili halisi, kimenyambuliwa kutoka “pata” bila kuazima chochote, na ndicho kinachobeba habari yote. Maneno ya waraka wetu hayana kitenzi cha namna hiyo. Yakiisha, msikilizaji hajui afanye nini.

Teknolojia hii si yetu kwa asili, na hilo linaeleza mengi. Mwaka 1898, Valdemar Poulsen wa Denmark alibuni chombo cha kunasa sauti kwenye waya wa chuma, akifikiria simu ambazo mwenyewe hayupo kuzipokea. Mfumo wa kisasa wa maofisini, wenye kisanduku cha kila mfanyakazi na salamu zake, unahusishwa sana na Gordon Matthews wa Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1983. Vyombo hivi vilizaliwa vikizungumza Kiingereza, na mifupa yake bado ni ya Kiingereza. Simu zetu mpya zilipoletwa, mtu fulani alirekodiwa akisoma vipande vya Kiswahili, kimoja kimoja, na mashine huvigandisha pamoja kwa mpangilio iliozaliwa nao. Nikiifungua asubuhi inaniambia: “Una… tatu… mpya… ujumbe.” Nomino yetu hutangulia, sifa na idadi hufuata, mashine haijui. Haijui pia kwamba ujumbe ukizidi mmoja ni jumbe. Kisha hunitajia saa. Ujumbe ulioachwa saa nane mchana husema uliachwa “saa kumi na nne”. Saa kumi na nne! Saa za mchana za Mswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hakuna saa kumi na nne. Nilimweleza fundi. Akaandika kwenye daftari lake.

Hili la fundi si la leo wala kesho. Lakini salamu ni zetu, tunazirekodi wenyewe, na hapo hatuna wa kumsingizia. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitangaze siku hiyo mwaka 2021, tunavaa fulana na kuhutubia kuhusu Kiswahili. Jaribu kupiga simu katika ofisi zinazozivaa fulana hizo baada ya saa kumi na moja jioni. Nilipiga tisa. Sita ziliita hadi zikakatika. Mbili zilinijibu kwa Kiingereza kitupu. Moja ilisema kwa Kiswahili kwamba nimefikia dawati.

Wanaouliza ni lugha ipi itangulie, kwangu jibu ni rahisi: anayejua Kiingereza tu atasubiri sekunde kumi na tano bila madhara, ilhali anayejua Kiswahili tu akianza kusikia Kiingereza hukata. Kiswahili kitangulie.

Jambo jingine ambalo waraka haukulisema ni kwamba mifumo mingi ya ofisi haina salamu moja. Ina ya kawaida, ina ya simu inapotumika, na ina ya likizo, ambayo hufunika nyingine zote hadi uiondoe. Hivyo hakuna haja ya kubabaisha kwa “ama niko kwenye laini nyingine”. Kila hali ipewe maneno yake. Na likizo ikiisha, iondolewe. Nimempigia mwenzangu mwezi wa tatu nikatakiwa Krismasi njema.

Nimerekodi upya. Ilinichukua majaribio saba, kwa sababu mtu akijisikia sauti yake huona aibu akaanza kusoma kama mtangazaji. Yanasema hivi:

“Karibu. Hapa ni Idara ya Kiswahili, ofisi ya Profesa fulani. Sipo ofisini. Ukiwa na haraka, bonyeza sifuri, utazungumza na karani wa idara. Ama niachie ujumbe. Nitajie jina lako, nambari yako ya simu, na jambo unalotaka nikusaidie. Nitakupigia leo au kesho. Ukisikia pii, anza kusema.”

Nimeyaweka maneno “anza kusema” mwisho kabisa, kwa kuwa pii hufuata papo hapo, na mtu hutenda lile alilolisikia mwisho. Nimeondoa “siku njema”, kwa sababu kumuaga mtu kabla hajasema lililomleta ni kumsukuma mlangoni. “Leo au kesho” nimeisema kwa makusudi, na imenitia taabu, maana sasa sina budi kupiga.

Katika wiki ya kwanza niliachiwa jumbe kumi na moja, zote kamili, zenye jina na nambari. Mmoja ulikuwa wa dakika nne, kutoka Kilifi, na dakika mbili za kwanza zilikuwa salamu za watu wa nyumbani wote, mmoja mmoja. Mwenzangu wa fonolojia, hata hivyo, anashikilia kwamba mashine yetu haisemi “pii”. Kwa sikio lake inasema “tuu”. Nimeisikiliza tena mara nne na nadhani ana haki.